Makadirio kwa wino, kipimo kwa penseli: nilivyofundisha usahihi wa vipimo Darasa la Nne

Ninafundisha Hisabati katika shule ya msingi iliyoko pembezoni mwa Uyole, jijini Mbeya, na kwa muda mrefu mada ya vipimo ilikuwa na tatizo ambalo halikuonekana kwenye mitihani. Nilipowataka wanafunzi wa Darasa la Nne wakadirie urefu wa kitu, waandike makadirio yao, kisha wapime, wengi walikuwa wakimaliza kupima wanarudi kufuta makadirio na kuandika namba ileile iliyotoka kwenye rula. Madaftari yalipendeza, makadirio yote yalikuwa sawasawa na vipimo, na hakuna kilichokuwa kimejifunzwa. Sababu yake inaeleweka: mtoto aliyezoea kwamba jibu lisilofanana na la ubaoni hupigwa mkasi ataona tofauti kati ya makadirio na kipimo kuwa ni aibu ya kufichwa, ilhali tofauti hiyo ndiyo hasa somo lenyewe.

Niliweka utaratibu mdogo. Makadirio yaliandikwa kwa kalamu ya wino, kipimo kiliandikwa kwa penseli, na safu ya tatu ilikuwa ya tofauti kati ya viwili hivyo. Alama nilizitoa kwa safu ya tatu na kwa sentensi moja fupi ya kueleza mtoto ametumia nini kukadiria, kwa hiyo makadirio yaliyokuwa mbali sana na kipimo hayakumnyima mtu alama hata moja. Sentensi hiyo fupi ndiyo iliyoleta mabadiliko makubwa kuliko wino, kwa sababu mtu hawezi kuandika sababu bila kuwa na kitu anachokijua cha kulinganishia. Tukaanza kukusanya vitu hivyo: upana wa ukucha wa kidole kidogo, unaokaribia sentimita moja, mlango wa darasa, unaokaribia mita mbili, chupa ya maji ya nusu lita, mfuko wa sukari wa kilo moja. Tulirudi pia kwenye vipimo vya wazee, kwamba shubiri mbili ni dhiraa moja na dhiraa nne ni pima moja, na kila mtoto akapima shubiri yake kwenye rula na kuiandika ndani ya jalada la daftari. Walipoona kwamba shubiri ya huyu ni sentimita 14 na ya jirani yake ni 16, hawakuhitaji kuelezwa kwa nini watu walihitaji kipimo kimoja cha pamoja.

Somo la dawati lilichukua muda mwingi kuliko nilivyopanga, na sijutii hata dakika moja. Vikundi vilipima dawati moja kwa rula za sentimita 30, na majibu yakawa 116, 119, 120, 120 na 123. Ubishi ukazuka, kila kikundi kikitaka nitamke nani amepatia. Badala ya kutamka, niliwaomba wa 116 na wa 123 wapime tena mbele ya wenzao, polepole, wengine wakitazama mikono yao na si namba.

Kikundi cha 116 kilikuwa kikianzia kwenye ncha ya plastiki. Kwenye rula nyingi alama ya sifuri haiko ncha kabisa bali imeingia ndani milimita kadhaa, na upande wa 30 vivyo hivyo, hivyo kila walipoiweka rula ncha kwa ncha walivuka karibu sentimita 31 huku wakihesabu 30. Kwa kuhamisha rula mara tatu tu, sentimita zipatazo nne zilikuwa zimepotea. Kikundi cha 123 kilifanya kinyume chake: msichana aliyekuwa akipima aliweka kidole mahali rula ilipoishia, kisha akaanza upya nyuma ya kidole, kwa hiyo upana wa kidole ukahesabiwa mara mbili kila alipohama. Aliyeliona hilo ni mvulana wa dawati la nyuma, aliyesema, "Mwalimu, kidole chake nacho kimepimwa!" Waliobaki walikuwa wakichora mstari mwembamba wa penseli kila mahali rula ilipoishia.

Lakini 119 na 120 je? Hapo ndipo mahali ambapo kwa maoni yangu walimu wengi tunapita haraka mno. Hakuna kikundi kilichokosea kati ya hivyo vitatu. Kingo za dawati lile zimelika na kuwa mviringo, na hakuna mahali pamoja ambapo mtu anaweza kusema mbao inaishia. Nikaandika ubaoni kwamba urefu wa dawati ni karibu sentimita 120, na kwamba haupungui 119 wala hauzidi 121, na watoto wakakubali kwamba jibu la namna hiyo ni la kweli zaidi kuliko namba moja iliyosimama peke yake.

Ujazo haukutuchukua muda mrefu. Ilitosha kuwaonyesha kwamba maji kwenye jagi la plastiki husomwa macho yakiwa usawa wa maji, kwa kuwa anayesoma akiwa amesimama na anayesoma akiwa amechutama hupata namba mbili tofauti kwa maji yaleyale.

Uzani ulikuwa mgumu zaidi, na msaada ulitoka kwa mama mmoja anayeuza viazi jirani na shule, aliyekubali kuja na mizani yake ya saa. Watoto walimwamkia, naye baada ya kuitikia aliwaonyesha mshale kabla ya kuweka chochote. "Angalieni hapa wanangu," alisema. "Mshale usiporudi kwenye sifuri, ama namwibia mteja, ama najiibia mwenyewe." Aliwaonyesha pia stika ya Wakala wa Vipimo, ndipo mtoto mmoja akauliza rula nayo hukaguliwa kwa kulinganishwa na nini. Nilimjibu kwamba tangu mwaka 1983 mita imefafanuliwa kwa umbali ambao mwanga husafiri katika muda mfupi mno uliowekwa, ili isitegemee fimbo yoyote inayoweza kupinda au kulika.

Kisha tukajaza viazi kwenye ndoo ya lita 20 hadi ukingoni. Makadirio mengi yaliyoandikwa kwa wino yalikuwa kilo 20, kwa kuwa walikwisha kujifunza kwamba lita moja ya maji ina uzani wa kilo moja. Baada ya kutoa uzani wa ndoo tupu, viazi vilikuwa kilo 13 na kidogo. Mtoto wa mkulima ndiye aliyewaeleza wenzake kwamba kati ya kiazi na kiazi kuna nafasi tupu. Tulipoongeza kilele juu ya ukingo, mshale ulipanda kwa karibu kilo tatu, ilhali ndoo bado ingehesabiwa kuwa ni moja. Sikuwa na haja ya kwenda mbali kuwaeleza lumbesa, kwa kuwa wazazi wao wanalima viazi na wanayajua magunia yanayoshonewa kilele hadi kupita kilo 100 zinazoruhusiwa na sheria, kisha yakanunuliwa kwa bei ya gunia moja.

Tulizungumza pia ni wakati gani kipimo kinahitaji ukali. Gramu 200 zaidi au pungufu kwenye gunia la viazi hazimuumizi mtu, lakini mkulima anayechanganya dawa ya ukungu kwenye bomba la kunyunyizia anatakiwa kupima mililita, na kukadiria kwa kizibo chochote alichookota kunaweza kuunguza majani au kuuacha ugonjwa uendelee.

Kwa sasa tofauti katika safu ya tatu zimepungua sana kwenye urefu, na baadhi ya watoto wameanza kuandika makadirio kama "kati ya 70 na 75" bila kuagizwa. Kwenye uzani bado wanababaika, kwa hiyo nimeshona mifuko ya mchanga ya kilo moja, mbili na tano, inayokaa nyuma ya darasa, na kila mtoto huinua mmoja mkononi kabla ya kuandika makadirio ya kitu kilichoko mezani.