Chaki ilivyonirudishia kota za reli Tabora

Marehemu baba alikuwa pointimeni, mbadilisha njia za treni, stesheni ya Tabora. Reli ilifika hapo mwaka 1912 ikaendelea hadi Kigoma 1914, na tawi la Mwanza likakamilika 1928, kwa hiyo kazi yake yote ilikuwa kwenye ile njia panda: treni ya Kigoma huku, ya Mwanza kule. Sisi watoto tulikulia kwenye kota, chumba na sebule, bomba moja kwa mstari mzima. King'ora cha karakana ndicho kilikuwa saa ya kina mama kuinjika ugali.

Niliporudi kwenye msiba wa shangazi nilikuta kota kadhaa hazina mapaa. Wazee waliobaki ni wa kuhesabu kwa vidole. Nikaazimia kukusanya wanayoyakumbuka.

Mwanzoni nilikosea njia. Nilienda kwa mzee mmoja aliyekuwa fundi wa mabehewa, nikiwa na simu ya kurekodi na maswali ishirini daftarini. Alinipokea vizuri sana, ila kila swali jibu lilikuwa lilelile: "Tulifanya kazi, mwanangu. Mungu alitusaidia." Siku nne nzima hivyo.

Siku ya tano nikamwomba mjukuu wake chaki, nikachora mtaa kwenye sakafu ya baraza kama nilivyoukumbuka mimi: reli, karakana, mistari ya nyumba, bomba. Mzee akatazama, akashuka kwenye kiti, akafuta bomba langu kwa kiganja.

"Bomba lilikuwa huku, chini ya mwembe. Hapo ulipoliweka aliishi fayamani mmoja, mchochea moto wa injini, Mjaluo wa Kisumu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977 akarudi kwao. Kitanda akaniachia, akasema atakifuata."

Mkewe akaitikia kutoka jikoni: "Na ndicho nilichojifungulia mtoto wa tatu!"

Nikaiacha simu irekodi, nikanyamaza. Jioni iliyofuata walikuja wazee wengine watatu, wakabishana kuhusu duka la ushirika mpaka giza likaingia. Bibi mmoja, mjane wa gadi wa treni, alileta taa ya mumewe imefungwa kwenye kanga. Akazungusha kichwa cha taa taratibu, kioo chekundu, cha kijani, cheupe. Bati lililia, na harufu ya mafuta ya taa ilikuwa bado imo. "Nikiiona inakuja gizani kutoka stesheni," alisema, "naweka maji motoni." Nilijizuia nisilie.

Habari za 2007, mwekezaji alipokabidhiwa reli, hadi serikali ilipoirudisha 2011, wengi walizipita haraka. Sikuwasukuma. Naona mtu akifuta mwenyewe jina la jirani kwenye ramani amekwisha kusema.

Anayetaka kufanya hivi mtaani kwake namshauri achore kwanza, chini, mahali ambapo mzee anaweza kufuta kwa mkono wake, na awaite wawili au watatu pamoja.

Ramani nimeihamishia kwenye karatasi kubwa ya manila, iko ukutani kwa mzee. Nyumba zote za mistari miwili zimepata majina, isipokuwa moja ya mwisho kabisa, inayotazama reli. Wote wanakumbuka kuwa palikuwa na mwanamke akishona nguo mlangoni kwa cherehani ya mkono. Kama ni bibi yako, tafadhali niandikie.