Lebo ya asali ndani ya kalamu, hatimaye inasomeka

Kalamu kumi na mbili zimeshatoka mikononi mwangu, na katika kila moja lebo inasomeka mpaka herufi za chini kabisa. Nasema hivyo kwa furaha, maana miezi mitatu iliyopita nilikaribia kuacha.

Nakereza kalamu hapa Tabora, zaidi za mbao ya mninga. Mama mdogo anauza asali, akaniomba kalamu za kuwapa wateja wake wa jumla, zenye lebo yake ndani ya rezini, ile plastiki ya maji inayoganda na kung'aa kama kioo. Nikamuuliza fundi aliyenitangulia kwenye kazi hizo. Akanihakikishia karatasi haina shida: ibandike kwenye mrija wa shaba unaokaa ndani ya kalamu, mimina rezini, basi.

Ushauri ule uliniharibia vipande sita. Nilichapa kwa printa ya wino wa maji, na nilipopaka gundi tu herufi nyekundu zikachuja. Nikaendelea hivyohivyo. Rezini ilipogusa karatasi, karatasi ikainywa, ikawa kama ile iliyofungiwa maandazi ya moto. Shaba ya mrija ikaonekana kwa nyuma, rangi ya asali ikageuka tope, na kando ya lebo vikajipanga viputo vya hewa. Nilivikereza vyote sita nikitumaini kitu kitabadilika. Hakuna kilichobadilika. Bado naudhika nikikumbuka, kwa sababu rezini naagiza Dar es Salaam, na makopo mawili pamoja na kusafirisha kwa basi yalinitoka kwenye laki na ushee.

Karatasi lazima izibwe kabla haijaonana na rezini. Sasa nachapa steshenari kwa printa ya leza, na mrija naupaka rangi nyeupe kwanza. Mrija wa milimita 7 una mzunguko wa milimita 22, kwa hiyo lebo nakata 23 ili ncha zipandane kidogo, na kiungo nakielekeza upande wa klipu, kifichwe. Kisha gundi nyeupe ya mbao iliyolainishwa kwa maji, mikono mitatu, mbele, nyuma na hasa kwenye kingo. Isubiri siku nzima, unyevu ukibaki utaleta ukungu. Ukiwa na wasiwasi, dondosha tone la rezini kwenye lebo ya majaribio: pakibadilika rangi, rudia gundi.

Viputo ndivyo vilivyonitesa zaidi, maana sina tangi la mgandamizo, lile linalobana hewa ndani ya rezini mpaka viputo visionekane. Dawa niliiona kwa mama mdogo. Nilikwenda kumsalimia nikamkuta amekalisha ndoo ya asali iliyoganda kwenye beseni la maji ya uvuguvugu. Nikamuuliza kwa nini asiibandike jikoni. "Moto utaiharibu, mwanangu. Ipashe kwa maji, itatiririka yenyewe." Nikarudi nyumbani mbio. Chupa ya rezini na ya kigandishi, kila moja imefungwa barabara, nikaziweka kwenye maji yale yale ya vuguvugu, nikazifuta, nikapima mbili kwa moja kama chupa zangu zinavyoagiza, nikakoroga taratibu bila kupiga povu. Ikawa nyepesi, ikamiminika kama uzi mwembamba, na hewa ikapanda juu yenyewe. Ila fanya haraka, rezini iliyopashwa haikusubiri.

Midomo ya mrija naiziba kwa nta ya nyuki, ambayo huku haikosekani. Mara moja nilimimina vipande vingi kwa pamoja kwenye kopo pana. Rezini ikiwa nyingi mahali pamoja hujichemsha yenyewe inapoganda, nta ikayeyuka na mirija ikajaa. Tangu hapo kila mrija una kibomba chake cha plastiki cha kumiminia, kilichopakwa mafuta ya mgando kwa ndani. Na nta isiguse lebo hata kidogo, rezini haitashika hapo.

Wakati wa kukereza, patasi iwe kali na usiwe na haraka, kisha msasa wa maji mpaka namba 2000, na polishi ya gari. Nusu ya juu ni lebo, nusu ya chini mninga.

Mama mdogo alipopokea ya kwanza aliisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akaizungusha, akasoma jina lake kwa sauti. Za wateja zilipokamilika, ile ya kwanza alikataa kuitoa.