Viti Viwili Ganjoni

Jumanne ile mvua ya masika ilianza tangu alfajiri, na pale Buxton, hapa Mombasa, maji yalikuwa yamefika vifundoni. Nilishuka matatu ya Kisauni, buibui nimelikunja kwa mkono mmoja, mwavuli kwa mwingine, na moyoni naomba nikute geti limefungwa. Nirudi nyumbani niseme nilijaribu.

Haya sijawahi kuyaandika. Miaka 6 nimekunywa pombe kali ndani ya chumba changu, usiku, mlango nimeutia komeo. Mwanamke wa mtaani kwetu hawezi kwenda mangweni akakaa na mnazi wake na mrija kama wafanyavyo wanaume. Kabla ya magharibi mtaa mzima ungejua. Chupa yangu ilikaa chini ya robota la leso za biashara, mahali ambapo mama hapekui. Na huko kujificha ndiko kulikonimaliza zaidi. Anayelewa hadharani hupata hata jirani wa kumwambia, "Basi, yatosha." Mimi hapakuwa na wa kuniambia.

Mara ya kwanza niliacha ghafla, mwezi wa Shaabani, nikitaka Ramadhani inikute safi. Siku ya pili mikono ilitetemeka hata kikombe kikanishinda, na usiku nikaanguka kwa degedege mbele ya mama. Daktari akanieleza nisilolijua: mwili uliozoea pombe kila siku kwa muda mrefu, ukinyimwa kwa mpigo, unaweza kupata degedege katika siku 2 au 3 za mwanzo, na wako wanaokufa. Kuacha kwa mtu kama mimi kunataka dawa na mtu wa kukuangalia. Nalisema wazi kwa sababu najua yuko mwenzangu atakayesoma haya usiku wa manane huku anakusudia kumwaga chupa yote kukicha. Dada yangu, anzia hospitali. Au piga 1192, simu ya NACADA, mamlaka ya Kenya inayopambana na ulevi na dawa za kulevya, hailipiwi.

Mama hakunigombeza. Alinifunika leso, akakaa kando ya kitanda mpaka adhana ya alfajiri.

Dawa zilinituliza mwili. Upweke ulibaki palepale. Mnasihi mmoja ndiye aliyenitajia kikundi cha watu wanaoacha pombe, kinachokutana Ganjoni, kila Jumanne jioni, katika chumba kilicho nyuma ya kanisa. Kanisa! Mimi na buibui langu. Jumanne 3 nilifika pale, nikalipita geti, nikaenda zangu hadi Mama Ngina nikanunua mihogo, nikaitazama bahari, nikarudi. Nilijua watu wakiniona watasema nimeritadi, na jibu la kweli nisingeweza kuwapa, kwa kuwa lilikuwa na aibu kuliko hilo.

Basi siku ya mvua, barabara tupu, nikapiga hodi.

Ndani alikuwamo mzee mmoja peke yake. Viti vilikuwa vimepangwa kwa duara. Akavirudisha ukutani vyote, akaacha 2. "Karibu, mwanangu. Mvua imewazuia wenzetu." Akanimiminia chai kutoka kwenye chupa. Jina langu hakuliuliza. Kiingilio hakuna, mwenye shilingi 20 huweka kikapuni, asiye nayo hunywa chai.

Nikaona nimwambie mapema. "Shikamoo, mzee. Mimi ni Mwislamu."

"Marahaba. Na mimi ni mlevi," akasema. "Hapa tunauliza moja tu: wataka kuacha?"

Nikasema nataka. Halafu nikamuuliza vipi watu wawili waitwe mkutano, naye akanisimulia asili yake. Mwaka 1935, dalali mmoja wa hisa kutoka New York, aliyekuwa na miezi michache tu bila pombe, alikwenda mji wa Akron kule Ohio kwa biashara. Biashara ikaharibika. Yuko hotelini, baa ile pale, na koo lamuwasha. Badala ya kuingia, akashika simu akatafuta mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Akapatikana daktari wa upasuaji, aliyekubali kumpa robo saa tu. Wakazungumza saa nyingi. Juni ya mwaka ule daktari akanywa pombe yake ya mwisho, na kutoka kwa wale wawili vikundi kama hiki vikasambaa duniani.

"Lakini shika hili," mzee akasema. "Yule dalali hakwenda kumwokoa daktari. Alikwenda ili yeye mwenyewe asinywe. Kwa hiyo usinishukuru. Usingekuja, ningekaa hapa na mvua peke yangu, na mimi mvua hunikumbusha mangweni."

Hapo nikalia. Miaka yote nilijiona mzigo kwa mama, kwa Mungu, kwa kila mtu, na leo mtu mzima wa umri wa baba yangu aniambia nimemfaa kwa kufika tu, nimelowa, sijasema lolote la maana. Nikamweleza habari za chupa chini ya leso. Alikuwa mtu wa kwanza kuzisikia kwa kinywa changu.

Hii ni wiki ya 5. Nimewakuta wengine, makuli wa bandarini, mwalimu, na mwanamke mwenzangu mmoja. Usiku bado ni mrefu.

Kesho ni Jumanne, na mawingu yametanda tena upande wa Likoni. Nimemwomba mama anitolee mwavuli mkubwa, mzee asije akakaa na mvua peke yake.