Jumamosi ya harusi, shata ikiwa wazi

Saa 11 alfajiri. Sinza bado kuna giza. Kabla ya chai napanga mezani kamera mbili, flashi mbili, betri 16 zilizolala kwenye chaja, memori kadi nne na kipande cha plastiki ya rangi ya chungwa. Hicho nakibandika mbele ya flashi. Taa za kumbi nyingi hapa Dar zina mwanga wa njano, na flashi ina mwanga mweupe kama wa mchana. Bila hicho kipande, uso wa bi harusi hautaendana na ukumbi uliomzunguka.

Saa 3 asubuhi, saluni. Nampiga bi harusi kwa mwanga wa dirishani tu, unatosha. Mama yake amekaa pembeni akishonewa nywele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo utupige picha nzuri, si zile zilizotikisika."

Neno hilo nalijua. Mwaka wangu wa kwanza kazini mama mmoja alinirudishia albamu kwa sababu hiyohiyo, na alikuwa na haki: nilimpa michirizi mitupu, picha ya kawaida ya keki hana. Tangu siku hiyo nina utaratibu, nikamweleza mama wa bi harusi: kila tukio nalipiga kwanza likiwa limetulia, nikishahakikisha ninayo, ndipo naachiwa dakika yangu ya michirizi. Akakubali, ila kwa jicho la kunichunga.

Saa 8 mchana, misa. Padri hataki flashi kanisani, nami naona anasema kweli. Kazi ya kawaida, lenzi ndefu, kimya.

Saa 10 jioni, matarumbeta! Pikapu inatangulia, vijana wamesimama nyuma na ngoma na tarumbeta, magari ya harusi yanafuata Barabara ya Barack Obama kandokando ya bahari hadi Daraja la Tanzanite. Jua bado kali, na mbele yake flashi yangu haifui dafu, kwa hiyo naizima. Navisha lenzi kichujio cheusi kinachopunguza mwanga mara nane, nashusha shata (mapazia mawili ndani ya kamera, moja la kufungulia mwanga, la pili la kuufunga) hadi 1/30 ya sekunde, kisha nikiwa kwenye gari la pembeni naizungusha kamera polepole nikimfuata mpiga tarumbeta mmoja. Yeye anabaki, minazi na nguzo za taa zinageuka mistari.

Saa 12 na nusu jioni, ukumbini. Wageni hawajafika. Huu ndio wakati ninaoupenda kuliko yote, na ndio ninaomfundishia kijana ninayefanya naye kazi. Namwambia asimame mbele ya taa ndogondogo za mapambo, nampiga kwa 1/200 na flashi. Yeye anaonekana vizuri, ila ukumbi umekuwa kisima cheusi. Mapambo waliyochangia kamati miezi mitatu hayaonekani! Nashusha hadi 1/15, sigusi kingine. Uso uleule, na sasa ukumbi umeingia.

"Kwa nini mimi sijang'aa zaidi?"

Kwa sababu flashi inawaka na kuzimika kwa kufumba na kufumbua, kabla shata haijafunga. Shata ikikaa wazi muda mrefu, haimwongezei flashi chochote. Uso unaamuliwa na nguvu ya flashi, tundu la lenzi na ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga. Shata inaongeza mwanga wa ukumbi tu. Nikamsimulia ya mpigapicha Gjon Mili, aliyempiga picha mchoraji Picasso mwaka 1949 kwa ajili ya jarida la Life: chumba cha giza, shata wazi, Picasso anachora hewani kwa kurunzi ndogo, flashi inamwonyesha yeye, na mchoro wa mwanga unabaki pale pale hewani. Ukumbi wetu una mamia ya kurunzi tayari. Kazi yetu ni kuziachia zichore.

Tatizo ni kaka wa video. Taa ya juu ya kamera yake haizimiki, inamwangazia mtu usoni muda wote, na uso ulioangaziwa hivyo kwenye 1/15 lazima upate ukungu.

"Dada, nikizima mimi sioni kitu."

Kweli kabisa, naye ana kazi yake. Tukakubaliana: maharusi wakicheza yeye asimame upande wa pili, mimi niwe mbele. Taa yake ikitokea nyuma yao, inachora kingo za shela badala ya kuniharibia uso.

Saa 3 usiku, zawadi. Mashangazi wa bwana harusi wanaingia wakicheza, wanamtandikia bi harusi vitenge chini apite. Picha za kawaida ninazo. Sasa shata 1/8, tundu la lenzi f/5.6, ISO 800, flashi nguvu ya 1/16. Flashi nimeiambia isubiri pazia la pili la shata likaribie kufunga. Ikiwaka mwanzoni, michirizi inamtangulia mtu, aonekane anacheza kinyumenyume. Ikiwaka mwishoni, michirizi inabaki kule alikotoka.

Shangazi mmoja anazungusha kitenge cha bluu juu ya kichwa. Napiga mara 20. Za kutupa ni 17. Lakini moja! Mwanya wa meno unaonekana, jasho juu ya mdomo linahesabika, na kitenge hakina mwanzo wala mwisho, ni upinde wa bluu unaopita juu ya ukumbi mzima.

Saa 6 usiku namwita mama wa bi harusi. Anavaa miwani, anaisogelea kamera, anakaa kimya kidogo.

"Mbona kitenge cha mwenzangu bado kinazunguka?"

"Ndivyo nilivyokiona, mama."

"Na yangu mimi iko wapi?"

Akafunga kanga kiunoni, akamwonyesha dijei kidole aongeze sauti, akarudi katikati. Nikapiga goti.

Saa 8 usiku, nyumbani. Nakopi kadi zote kwenye diski mbili kabla ya kuoga. Ya mama iko mwishoni mwa kadi ya nne: mkono mmoja umepotelea kwenye mwanga, macho yametulia, anacheka. Hiyo nitamchapia kubwa.