Sultani alipokwama Mkanda

Kwetu ni Sultan Hamud. Aliyewahi kupanda basi la Mombasa kutoka Nairobi amepita pale, akanunua machungwa dirishani, akaendelea na safari yake. Makanga hata hawamalizi jina, huita "Sultan" tu. Nimelitaja jina hilo tangu utotoni bila kujiuliza ni sultani gani, na alifuata nini Ukambani. Nilikuja kujiuliza nikiwa nimekwama kwenye matope ya Mkanda, mlango wa bahari ulio kati ya kisiwa cha Manda na bara, ndani ya mashua iliyoandikwa ubavuni kwa rangi nyekundu: SULTANI.

Malindi nililala siku mbili. Chumba kilikuwa ghali, feni ilizunguka inapotaka yenyewe, na chai ya asubuhi ililipiwa mbali. Nilichokichukua Malindi ni nguzo ya Vasco da Gama, iliyosimama juu ya mwamba na nembo ya mfalme wa Ureno. Mreno huyo alifika mwaka 1498, na mfalme wa Malindi ndiye aliyempokea vizuri na kumpa rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi. Nilisimama pale kwenye upepo nikimfikiria yule mwenyeji. Mgeni ndiye mwenye nguzo.

Basi la kwenda Mokowe, gati ya bara ya kuvukia Lamu, lilinitoza nauli ya kiti kizuri, likanipa kiti kisichoegemea. Baada ya Garsen tulikwenda kwa msafara wa askari, pole pole, vumbi na joto. Tulisimama Witu kwa muda wa kunywa soda moja. Ningependa kukaa zaidi, kwa sababu Witu ilikuwa na mfalme wake, Ahmed wa ukoo wa Wanabahani, wafalme wa kisiwa cha Pate, ambaye watu walimwita Simba. Mwaka 1885 alijiweka chini ya ulinzi wa Wajerumani ili asimezwe na Unguja. Mwaka 1890, Simba akiwa ameshakufa, Wajerumani waliwaachia Waingereza eneo hilo, na mwaka huohuo Waingereza wakauchoma mji. Kwetu pia kuna Simba, kituo cha barabarani ukishapita Emali, lakini sijawahi kusikia mtu akisema kuwa yule alikuwa binadamu.

Lamu kila mtu ameshaisimulia, nami sina haja ya kurudia punda na vichochoro. Nilikwenda kutazama siwa mbili, baragumu za wafalme, ile ya shaba ya Lamu na ile ya pembe za ndovu ya Pate. Siwa hupulizwa kwa ubavuni, na zamani haikupulizwa kwa ajili ya mtu yeyote tu. Ukiitazama ile ya Pate, jinsi ilivyochongwa, unaelewa kwamba mji ulioiagiza ulikuwa na fedha na ulikuwa na watu wa kuwaogopa. Kisha fundi mmoja wa mbao alinionyesha kiti cha enzi: mpingo mweusi, mifupa myeupe iliyopachikwa kwenye mgongo, kamba zilizosukwa, na pa kuwekea miguu. Akanitajia bei. Nikamshukuru, nikaondoka. Ni bei ya ng'ombe wawili wa kwetu, na bado usafirishaji.

Siwa ile ya pembe ndiyo iliyonipeleka Pate. Nahodha alisema tuondoke saa mbili asubuhi, kwa sababu Mkanda hupitika maji yakiwa mengi. Saa mbili tulikuwa tumekaa. Saa tatu tulikuwa tumekaa, tukingoja mifuko ya saruji ya mtu ambaye hata hakuwa abiria. Nilikuwa nimelipa shilingi elfu moja wakati wenzangu walilipa mia tano, ati kwa sababu ya begi langu, na begi lenyewe nililipakata. Tulipong'oa nanga maji yalikuwa yameshaanza kupwa. Katikati ya Mkanda, mikoko huku na huku, mashua ikasugua chini mara moja, mara ya pili, kisha ikatulia kama imefika kwake. Mabaharia wakashika pondo, mmoja omo na mmoja tezini, wakasukuma mpaka mishipa ya shingo ikawatoka. Haikujongea. Nahodha akazima mashine.

"Mai yatajaa," alisema, na hilo ndilo lililokuwa tangazo lote.

Tulikaa pale kwa muda wa saa nne na nusu. Hakukuwa na turubai. Maji yalituacha pole pole, kwanza yakawa ya magotini, kisha ya kifundo, kisha tukawa tumekaa juu ya tope na kaa wanatembea chini yetu. Nilikuwa na chupa moja ya maji. Nilikasirika kwa saa nzima, na ile elfu moja ilizidi kuniuma.

Mbele yangu alikaa bibi mmoja wa Pate aliyekuwa akirudi kutoka hospitali, pamoja na mjukuu wake wa kidato cha pili. Bibi alikuwa amebandika kikuba kifuani, mrehani na asmini, na harufu yake ndiyo kitu pekee kizuri kilichokuwa ndani ya mashua ile. Alifungua kitambaa, akatoa mikate ya mofa na changu wa kukaanga, akamega kabla hata ya kuniuliza kama nina njaa. Niliwaambia kwamba kule hotelini Malindi nimesoma orodha ya vyakula ya Kiingereza, nguru ameandikwa samaki mfalme, na changu ameitwa kaisari. Kijana alicheka sana. Bibi alimtazama changu mkononi mwake.

"Huyu?" akasema. "Huyu ni kitoweo cha kila siku."

Nikamwambia na mrehani wake una cheo, kwamba jina lake la Kiingereza limetokana na neno la Kigiriki la mfalme. Hilo alilikubali bila kubisha. Alikigusa kikuba chake, akasema mrehani unastahiki.

"Watoka wapi, mwanangu?"

"Sultan Hamud, bibi."

"Sultani gani huyo?"

Basi ikabidi nieleze, na niliyoyaeleza nilikuwa nimeyasoma siku zisizozidi kumi kabla. Hamud bin Mohammed, sultani wa Unguja, aliyewekwa na Waingereza Agosti 1896 baada ya kulipiga kwa mizinga jumba la mpinzani wake, vita visivyomaliza hata saa moja. Mwaka uliofuata alitia sahihi amri ya kuondoa utumwa Unguja na Pemba. Reli ilikuwa ikijengwa kutoka Mombasa kwenda bara, naye alipelekwa kuitazama, na pale ilipokuwa imefikia pakabaki na jina lake.

"Akakaa huko?"

"La, bibi. Alipita tu."

"Na nyinyi alikuwa akiwatawala?"

Hapo ndipo nilipojikuta nimenyamaza. Hakuwa akitutawala. Mamlaka ya sultani wa Unguja upande wa bara yalikuwa ule ukanda wa pwani wa maili kumi, pamoja na visiwa hivi vya Lamu. Ukambani hakuwa na shamba wala kadhi wala bendera.

"Bibi," nikasema, "alikuwa sultani wenu, si wetu."

Alitafuna kwa muda mrefu. "Wetu walikuwa Wanabahani," akasema. "Hao walikaa. Wamezikwa kwetu. Na hakuna hata mashua yenye jina lao."

Nahodha alikuwa amelala tezini, kofia usoni, kumbe anasikiliza. "Na hii je?"

"Hii ni sultani yupi?"

Akasema hajui. Aliinunua Faza ikiwa tayari imeandikwa, na kila mwaka hulipaka upya jina kwa sababu si vizuri kubadilisha jina la chombo. Hasira yangu kwake ilipungua nilipomsikia akisema hivyo. Saruji sijamsamehe.

Maji yalirudi kama yalivyoondoka, bila kelele. Tulifika Mtangawanda jua limeshapinda, na kijana wa bodaboda akanitoza shilingi mia sita, bei ambayo mjukuu wa bibi aliniambia baadaye ni ya watu watatu.

Magofu ya Pate nilikuwa nayo kwa muda mfupi kabla ya giza. Ni kuta za mawe ya matumbawe, nyingine bado zina lipu iliyonakshiwa, zimesimama katikati ya mashamba ya tumbaku. Tumbaku imepandwa ndani ya vyumba. Unaingia kwenye mlango wa nyumba ya watu wakubwa, na sakafuni kuna majani mapana ya kijani yanayokufika kiunoni. Mkulima mmoja aliniambia udongo wa humo ni mzuri kuliko wa nje. Nilimuuliza hapa palikuwa pa nani. Akasema pa wafalme, akaendelea kukata majani. Nilijaribu kusikia ile siwa ikilia kwenye kuta zile, siwa ambayo sasa iko kisiwa kingine, nyuma ya kioo. Nilibaki pale nikiwa na uchungu ambao sikuutarajia, kwa ajili ya watu wasio wa kwetu.

Asubuhi bibi alinisindikiza hadi mlangoni pake. Akaniomba kitu kimoja: nikifika, nipige picha ya mahali sultani wao alipofika, aione.

Safari ya kurudi ilinichukua siku mbili. Basi liliingia kwetu usiku, makanga akapiga ubavu wa gari, "Sultan! Wa Sultan tushuke!" na nikashuka mimi, na mama mmoja mwenye gunia la ndengu, na vijana wawili. Nilivuka barabara kati ya malori, nikatafuta kibao cheupe chenye jina la mji, nikakipiga picha kwa taa ya simu, nikamtumia yule mjukuu.

Jibu lilikuja kesho yake mchana. Bibi ameiona, akaandika kijana, na anauliza, huko kuna bahari?