Baada ya Maumivu Kuondoka

Leo imetimia miezi 11 tangu usiku ule ambao bega la kulia liliniamsha saa nane, nikaketi ukingoni mwa kitanda nikiwa nimeupakata mkono kama mtoto mgonjwa, nisipate tena usingizi hadi niliposikia honi za matatu za alfajiri hapa Donholm. Wiki mbili kabla yake nilikuwa nimeugua mafua ya kawaida, yakapona, nami nikayasahau. Maumivu haya yalichoma kutoka shingoni hadi karibu na kiwiko, yakakataa kutulia nikilala chali au ubavu, na vidonge nilivyonunua kwenye duka la dawa havikuyagusa. Mama alinipigia simu kutoka Voi asubuhi, akasema, "Mwanangu, umeulalia mkono vibaya. Kandwa na maji ya moto." Nikakandwa, wala haikusaidia.

Zahanati ya kwanza walinichoma sindano wakasema misuli imekaza. Hospitali ya pili walinipiga picha ya eksirei, wakaona mifupa ni mizima, wakaniambia kwamba bega limeganda na kwamba nilinyooshe kwa nguvu kila siku. Ugonjwa wenyewe ni wa nadra na hufanana na mengine mengi, kwa hiyo sina kinyongo nao kwa kutoutambua; linalonisikitisha hadi leo ni kwamba hakuna hata mmoja aliyeniomba nivue shati, akasimama nyuma yangu na kuutazama mgongo.

Siku ya 13 maumivu yalipungua, nikalala usiku kucha. Niliamka nikamshukuru Mungu, nikamwambia mke wangu kwamba nimepona, na Jumatatu nikarudi shuleni. Nilichukua chaki ili niandike tarehe juu ya ubao kama nilivyozoea kwa miaka 16. Mkono ulipanda hadi usawa wa kifua ukagoma, bila uchungu wowote, chaki ikabaki pale vidoleni huku wanafunzi 48 wa Gredi ya 5 wakingoja. Nikaandika tarehe katikati ya ubao. Nilikuwa nimeyachukulia maumivu kuwa ndiyo ugonjwa, kumbe yalikuwa mlango wake tu.

Wenzangu katika chumba cha walimu walinong'ona kwamba nimepata kiharusi. Hofu yao ilikuwa ya haki, kwa sababu mkono unaolegea ghafla lazima uchunguzwe haraka, ila uso wangu haukupinda na mguu ulikuwa na nguvu zake zote. Aliyeona kilichofichika ni mke wangu, jioni moja akinisaidia kuvaa fulana. "Baba Neema," akasema, "mbona kombe la bega limetoka hivi?" Akaniwekea kioo kidogo nyuma, nikaona kombe limechomoza mgongoni kama bawa la kuku linaloanza kufunguka.

Daktari wa neva tuliyemwona baadaye aliniambia nisukume ukuta kwa viganja vyote viwili, akatazama mara moja tu. Alinieleza kwamba neva za mkono hutoka katika uti wa mgongo shingoni, zikasukana chini ya mtulinga kabla ya kugawanyika, na kwamba huenda kinga ya mwili wangu, ikiisha kupambana na mafua, iligeuka ikazishambulia neva hizo. Iliyoumia zaidi ni ile inayoshuka ubavuni kuuhudumia msuli unaolibana kombe kwenye mbavu. Kipimo cha umeme cha neva na misuli, ambacho huweza kudanganya kikifanywa katika wiki tatu za kwanza, kilithibitisha. Ugonjwa huu huitwa kwa majina ya madaktari wawili wa Uingereza, Parsonage na Turner, walioandika mwaka 1948 kuhusu wagonjwa 136. Nilipoisikia hesabu hiyo nilifarijika kwa namna ambayo siwezi kuieleza vizuri: watu 136 walikuwa wamekaa kitandani usiku kama mimi, na kuna aliyewaamini.

Kuhusu kupona, aliniambia kwamba neva huota upya kwa takriban milimita moja kwa siku, kwamba safari hiyo huchukua mwaka mmoja hadi mitatu, na kwamba wengine hubaki na udhaifu na uchovu. Nilifika nyumbani nikachukua utepe wa mke wangu wa kushonea, nikapima kutoka shingoni hadi chini ya kwapa na kuteremka ubavuni: sentimita 23. Tangu hapo, kila ninapowafundisha watoto vipimo, mwanya ule mdogo kati ya vijistari viwili vya rula hunisimamisha kidogo. Hiyo ndiyo siku yangu moja.

Kinachochosha zaidi ni kwamba shati likishafungwa vifungo, mimi ni mzima. Makanga huniambia, "Mwalimu, panda haraka," asijue kwamba mkono wa kulia haunivuti tena mlangoni. Siku za mgao wa maji, jerikeni la lita 20 hupandishwa ngazi na mke wangu, nami hufuata nyuma na ndoo ndogo mkono wa kushoto, na macho ya majirani ninayaona. Masomo huyaandika usiku mezani kwenye karatasi za manila, ambako mkono haulazimiki kunyanyuka, kisha wanafunzi huzibandika ubaoni. Mtaalamu wa fiziotherapi amenikataza kabisa kulazimisha, kwani misuli iliyobaki hufanya kazi ya iliyolala, ikichoka kupita kiasi huuma kwa siku mbili.

Kila jioni nasukuma ukuta wa sebuleni mara kumi, taratibu, mke wangu akiwa ameweka kiganja juu ya kombe ili alisikie linavyokwenda. Ijumaa, mara ya sita, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mara hii limekaa." Nilimwomba asiondoe mkono, nikasukuma tena.