Kaskazi bila umeme: tulivyolala miezi mitatu chini ya bati

Umeme wa Unguja ulikatika tarehe 10 Desemba 2009, kwa hitilafu ya waya wa baharini unaotoka bara, na haukurudi mpaka Machi 2010. Miezi hiyo ndiyo miezi ya kaskazi, na hari yake kila aliyelala Ng'ambo, mitaa ya nje ya Mji Mkongwe, chini ya bati anaijua. Nyumba yetu ni ya matofali ya simenti, vyumba vitatu, haina dari, na ndani mlikuwa na wazee wawili na mtoto mchanga. Tulilala, tena vizuri. Naandika kwa sababu kila umeme ukikatika siku nyingi ushauri uleule mbovu huzunguka upya, na unaoongoza ni huu wa kutundika shuka la maji dirishani.

Shuka hilo tulilijaribu usiku nne. Tulilibadilisha kila saa, tukatundika la pili mlangoni, tukamwaga na maji sakafuni. Chumba kilizidi kuwa kizito kila usiku. Sababu yake ni nyepesi: maji hupoza pale yanapokauka, na yanakauka pale hewa ina nafasi ya kuyachukua. Dodoma hewa ni kavu, shuka linafanya kazi. Usiku wa kaskazi Unguja hewa imeshajaa maji ya bahari, shuka linakaa limelowa mpaka alfajiri, halipozi kitu, halafu linaziba dirisha na upepo mdogo uliopo hauingii. Jasho nalo linakataa kukauka mwilini, na jasho ndilo friji ya mtu. Kwa hiyo watu wa pwani tusianze na maji, tuanze na upepo. Maji yakae juu ya ngozi, si chumbani: kanga iliyokamuliwa mpaka haidondoshi, begani na shingoni, kisha mtu akae panapopita upepo.

Upepo tuliupata kwa feni za kompyuta. Kompyuta mbovu zipo kwa kila fundi, na ndani mna feni ya sentimita 12 inayotumia volti 12, umeme uleule wa betri ya gari. Tulinunua nane kwa bei ya kuokota. Soma kibandiko cha nyuma: tafuta inayokula ampea 0.25 hivi. Zinazokula zaidi ya nusu ampea zina kelele na zinamaliza betri. Waya mwekundu ni chanya, mweusi ni hasi. Wa njano ukiwepo, ukate na uufunge kwa tepu, huo hauhusiki. Ungeni feni nne kwa sambamba, yaani wekundu wote pamoja na weusi wote pamoja, zipigiliwe kwenye fremu ya mbao nyembamba na vipande vya tyubu katikati ili mbao isivume.

Hesabu yake: feni nne ni ampea moja, saa 8 za usiku ni ampea-saa 8. Betri ya N50 ina ampea-saa 50, lakini betri ya gari haikutengenezwa kumalizwa, ukiivuta chini ya nusu mara kwa mara inakufa ndani ya wiki chache. Basi una 25, ni usiku tatu. Pima kwa mita asubuhi, betri ikiwa imepumzika saa moja au mbili: volti 12.6 imejaa, 12.2 ni nusu, peleka ikachajiwe kwa mwenye jenereta. Charji ya ampea 5 inaijaza kwa saa 6 au zaidi kidogo. Chajia nje, maana betri inayochajiwa hutoa gesi inayolipuka kwa cheche moja. Maji ya kuongeza yawe yale safi ya betri (distilled), si asidi. Ya kisima chetu yana chumvi na yanaua sahani za ndani. Na usiunge chochote bila fyuzi ya ampea 3 karibu kabisa na ncha ya chanya. Nyaya zikigusana bila fyuzi, betri ya gari inazipasha hadi zinawasha godoro.

Hapo bado hatukuwa tumemaliza. Fremu tuliiweka nje ya chandarua, ikipuliza kwenda ndani, na aliyelala hakuhisi kitu. Chandarua chenye tundu dogo kinaua upepo dhaifu. Ilipoingizwa ndani, ikaninginizwa juu ya magoti, mkono mmoja kutoka kifuani, ndipo mtu alipohisi baridi. Zungushia wavu wa waya kwa ajili ya vidole vya watoto, na hakikisha chandarua hakilali juu ya ngozi, kwa sababu mbu anauma kupitia tundu.

Kilichotufurahisha kuliko vyote ni feni za chini ya kitanda. Mgongo ndio unaotoa jasho usiku, na godoro la sponji linalifungia hapohapo. Wazee tuliwarudishia vitanda vya kamba, juu mkeka wa ukindu na shuka moja la pamba, kisha feni mbili chini yake, zimeelekea juu, usawa wa mabega. Hewa inapenya kati ya kamba na mkeka, mgongo unakauka. Tangu hapo hawakuhitaji feni ya juu. Mtoto mchanga hakupulizwa usoni. Feni yake ilielekea ukutani na hewa ikamrudia taratibu.

Bati ni habari nyingine. Mchana linawaka na kumimina joto kichwani hata dirisha likiwa wazi. Tuliambiwa tulipake chokaa iliyochanganywa na chumvi ili ishike. Usifanye hivyo: kwenye ukuta wa mawe inafaa, kwenye bati chumvi inaleta kutu, chokaa inakula zinki, na mvua ya kwanza inaikokota yote mpaka kwenye tangi la maji. Sisi tuliweka makuti juu ya bati. Siri ni nafasi katikati: fito kwanza, makuti juu yake, pabaki wazi shibiri moja ili hewa ipite. Makuti yakilala juu ya bati moja kwa moja, joto linashuka vilevile. Fungia fito kwenye kenchi kwa kamba ya usumba, usitoboe bati kwa misumari. Na jiko la mkaa likae mbali kabisa, makuti makavu hayana subira na cheche.

Chakula kilikuwa rahisi zaidi ya watu walivyohofia. Pika cha mlo mmoja. Wali uliolala kwenye hari hii usiuamini hata ukiupasha moto, sumu yake haifi kwa kupashwa. Tui likamuliwe dakika unayolitumia. Samaki anayebaki akaangwe mkavu au afanywe ng'onda. Maji ya kunywa tuliyachemsha, na mkaa ulipopanda bei tuliyalaza juani kwenye chupa za plastiki angavu za lita moja na nusu, saa 6 za jua kali, siku mbili kukiwa na mawingu. Yakiwa na tope jua halipenyi, yachuje kwanza. Kisha mtungini. Mtungi ukae penye upepo na kivuli, juu ya kigoda, usipakwe rangi wala mafuta, na nje usuguliwe kila wiki kwa sababu chumvi ya kisima inaziba vitundu.

Bi mkubwa ana sukari. Insulini yake tuliiweka kwenye chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, mchanga katikati, ukilowanishwa asubuhi na jioni, kitambaa kilicholowa juu, chupa ndani ya mfuko uliofungwa vizuri. Huku pwani chungu hicho kinashusha nyuzi chache tu, lakini chupa iliyokwishafunguliwa, kwa aina nyingi, hukaa nje ya friji wiki 4 joto likiwa halijapita nyuzi 30. Soma karatasi ya ndani ya boksi lako. Kuilaza juu ya barafu ndiyo hatari: ikiganda imeharibika, hata kama kwa macho haionekani.

Mzee akianza kusema maneno yasiyoeleweka na ngozi inaunguza, huo si uchovu. Mlowanishe mwili mzima, mpepeeni bila kusita, msimnyweshe kitu akiwa hajitambui, na gari litafutwe wakati huohuo.

Jenereta za jirani ziliwekwa ukumbini zisiibiwe. Moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua watu waliolala. Iwe nje, hatua kumi kutoka dirishani, imefungwa kwa mnyororo kwenye mti.

Makuti tuliyashusha kabla ya masika, maana yakilowa juu ya bati yanaoza na bati linaoza nayo. Feni ziko kabatini, nyaya zimeviringishwa, fyuzi imechomekwa tayari.